Kupaka rangi boti ya faiba nyumbani: kazi kubwa iko kabla ya kopo kufunguliwa

Boti nyingi za faiba hazikupakwa rangi kiwandani. Ule weupe au ubluu unaouona ni jelikoti, yaani tabaka la resini ya poliesta lililochanganywa na rangi, lenye unene wa takriban nusu milimita. Jua huila juu juu, na ndiyo maana ukipitisha kiganja ubavuni kinatoka na unga. Unga peke yake si sababu ya kununua rangi. Chagua kipande cha ukubwa wa sahani, kisugue kwa kompaundi ya kung'arishia, kisha kifute. Kikirudi kung'aa, boti yako inataka kusuguliwa na kupakwa nta, basi. Ukishaipaka rangi utakuwa unairudia kila baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo usiharakishe uamuzi huo. Rangi ina kazi pale ambapo jelikoti imelika hadi nyuzi za faiba zinaanza kuonekana, pale ambapo viraka vya matengenezo vimeacha madoa, au boti ilipokwisha kupakwa rangi zamani.

Kama kuna rangi ya zamani, ijue kabla ya kuweka mpya juu yake. Lowesha kitambaa kwa thina ya rangi unayotaka kutumia, kibandike kwa tepu na ukiache dakika 10. Rangi ikilainika au kujikunja, hiyo ni ya kopo moja, yaani isiyochanganywa na kigumishi, na ukiipaka juu yake rangi ya makopo mawili, inayochanganywa na kigumishi cha kopo la pili, thina kali itaifumua yote. Kisha chora kwa wembe mistari sita ya kukatizana, bandika tepu imara, ing'oe kwa mkupuo. Vipande vikitoka na tepu, hakuna praima (rangi ya chini ya kushikisha) itakayookoa hali: rangi hiyo lazima iondoke yote. Iondoe kwa msasa au kikwangulio. Dawa za kubabua rangi zisizotengenezwa kwa ajili ya faiba hula na jelikoti yenyewe.

Nta kwanza, msasa baadaye

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibikia. Jelikoti hubeba mabaki ya nta ya kalibu iliyotumika kiwandani, na juu yake kuna nta ya miaka yote ya kung'arisha. Ukianza na msasa, unaisukuma nta hiyo ndani ya mikwaruzo, na hapo hata asetoni haitaifikia vizuri. Baadaye rangi itabanduka kwa mapande, au itajitenga na kuacha vishimo vya mviringo kila mahali.

Vua kwanza vifaa vyote vinavyotoka: reli, taa, vishikio, mpira wa ukingoni. Kuzungushia tepu badala ya kuvua huacha ukingo ambao maji yatapenya chini yake. Silikoni iliyokuwa chini ya vifaa ikwanguliwe mpaka iishe, kwa sababu rangi haishiki juu yake hata kidogo. Osha boti kwa sabuni na maji mengi, iache ikauke.

Sasa tumia kiyeyusho cha kuondoa nta na vitambaa viwili vya pamba visivyotoa nyuzi. Kimoja kilicholowa kinapita mbele, kingine kikavu kinafuata nyuma yake kabla kiyeyusho hakijakauka. Fanya nusu mita ya mraba kwa wakati mmoja, na geuza vitambaa mara kwa mara, maana kitambaa kichafu kinahamisha nta tu. Ukimaliza, mwagia maji safi. Yakitandaa kama utando mmoja, uso uko safi. Yakijikusanya matone matone, rudia.

Nyufa, mashimo na malengelenge

Ufa mwembamba hauzibwi kwa kupakwa puti juu. Upanue kwa ncha ya chombo kikali uwe na umbo la V, ili puti ipate pa kushika. Nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye bolti au kona zinasema kuwa faiba ya hapo inapinda. Imarisha kwa ndani kwanza, la sivyo zitarudi katikati ya rangi mpya.

Kwa puti, chagua epoksi, yaani resini inayochanganywa na kigumishi, na chini ya mstari wa maji usitumie nyingine. Epoksi hushika vizuri juu ya poliesta, lakini poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi, kwa hiyo ukianza na epoksi endelea nayo. Changanya kidogo kidogo na uitandaze kwenye ubao, kwa sababu ikikaa kwa wingi ndani ya kikombe hupata moto na kuganda ghafla. Epoksi nyingi zikikauka huacha utando wenye mafuta juu. Utando huo huoshwa kwa maji na sponji ya kusugulia kabla ya msasa. Thina haiutoi, na usipouosha rangi itabaki inanata juu yake.

Malengelenge chini ya boti ni jambo zito zaidi. Toboa moja ukiwa umevaa miwani. Majimaji yenye harufu ya siki yakitoka, maji yameingia ndani ya faiba. Yafungue yote, osha kwa maji safi mara nyingi, na uiache boti ikauke kwa wiki au miezi, sehemu yenye hewa. Kulifunika tumbo lenye maji kwa epoksi ni kuyafungia ndani.

Msasa wenyewe: namba 80 kwa puti na rangi ya zamani, 120 hadi 150 kwa jelikoti, malizia na 220. Uso wote uwe na ufifi ulio sawa, kwani kila doa linalong'aa ni mahali ambapo rangi haitashika. Vumbi la faiba linawasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo vaa mikono mirefu na barakoa ya vumbi.

Rangi ipi, na kiasi gani

Rangi ya kopo moja ni rahisi kupaka, inasamehe makosa, na inafaa kwa anayeanza. Poliyurethani ya makopo mawili ni ngumu zaidi na hudumu na mng'ao kwa muda mrefu, ila hadina yake (kile kigumishi) ina aisosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu. Usiipulize kwa mashine nyumbani. Wanaoipuliza kitaalamu huvuta hewa iliyoletwa kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kwa rola na brashi, vaa glavu, miwani na barakoa yenye chujio za mvuke wa kemikali, na ufanye kazi penye hewa inayopita.

Kupata eneo la mbavu, jumlisha urefu na upana wa boti, zidisha kwa 2, kisha kwa kimo cha ubavu juu ya maji. Boti ya mita 5 kwa 2 yenye ubavu wa mita 0.7 inatoa mita za mraba 9.8. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, hivyo panga lita 2 za praima kwa mikono miwili na lita 3 za rangi kwa mikono mitatu, na kopo dogo la akiba. Praima, thina na rangi zitoke kwa mtengenezaji mmoja.

Praima ya epoksi hupimwa kwa vikombe vyenye alama, kamwe si kwa kukadiria. Koroga pamoja na pembeni na chini, kisha uiache itulie kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Baada ya mkono wa kwanza, ubavu utakuonyesha mashimo ambayo hukuyaona. Yajaze, piga msasa, paka mkono wa pili, na malizia na namba 320. Ukivuka muda wa juu wa kupaka mkono unaofuata ulioandikwa kwenye kopo, lazima upige msasa tena kabla ya kuendelea.

Siku ya kupaka

Tafuta joto la kati ya nyuzi 15 na 28, unyevu wa hewa chini ya asilimia 80, na kivuli. Jua la moja kwa moja hukausha rangi kabla haijajilaza. Umande wa jioni huigeuza poliyurethani kuwa na ukungu uliofifia, kwa hiyo acha kupaka saa kadhaa kabla haujashuka. Lowesha sakafu maji kidogo mapema kutuliza vumbi, na futa ubavu kwa kitambaa chenye kunata.

Fanyeni wawili. Wa kwanza anatandaza rangi kwa rola ya sponji nzito inayostahimili thina, kipande chenye upana wa sentimita 60 kutoka juu hadi mstari wa maji. Wa pili anafuata papo hapo na brashi laini ya nywele, akiivuta mara moja kutoka juu kwenda chini, bila kuikandamiza: uzito wa brashi unatosha kupasua vipovu. Kila mvuto uishie kuelekea kwenye rangi ambayo bado ni mbichi. Ukiona kasoro nyuma yako baada ya dakika tano, iache. Kuirudia huacha kovu kubwa kuliko yenyewe, na msasa wa 400 wenye maji utaiondoa kabla ya mkono unaofuata.

Rangi inaeleza yenyewe inachotaka. Alama za brashi zisipojilaza, ongeza thina asilimia 5, ukifika 10 simama. Ikichuruzika, umeweka nyingi au umezidisha thina. Maganda kama ya chungwa yanatoka na rola nene au rangi nzito. Tepu itolewe rangi ikiwa bado inanata kidogo, ukiivuta kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe.

Chini ya mstari wa maji

Poliyurethani nyingi za mbavu hazikutengenezwa kukaa majini muda wote, zitavimba. Boti inayolala majini inataka mikono kadhaa ya epoksi, kisha rangi ya kuzuia mwani na viumbe wanaojishikiza. Mkono wa kwanza wa rangi hiyo uwekwe wakati epoksi ya mwisho ukiigusa inaacha alama ya kidole lakini haitoki nacho. Ongeza mkono mmoja zaidi omo (mbele), mkukuni (uti wa chini ya boti), kwenye usukani na kando ya mstari wa maji, kwani huko hulika haraka. Rangi yenye shaba isiguse aluminiamu, itaitafuna. Rangi ya aina hiyo iliyozeeka isipigwe msasa mkavu: vumbi lake ni sumu, sugua na maji na uyakusanye machafu.

Sehemu zilizofunikwa na vigogo vya kuegemeza husahaulika. Sogeza vigogo rangi ikishakauka vizuri, kimoja baada ya kingine huku boti imeshikiliwa, na zipe sehemu hizo mpango uleule mzima, msasa hadi mkono wa mwisho. Kisha subiri siku zilizoandikwa kwenye kopo kabla ya kushusha boti majini, na usiipake nta wala kuisugua ubavuni mpaka rangi iwe imekomaa.