Jinsi ya kufuata ukuaji wa neutrofili kwenye slaidi ya uboho

Wanafunzi wa mazoezi ninaokaa nao kwenye hadubini hukwama palepale, kati ya promielosaiti na mielosaiti, hatua mbili zinazofuatana za ukuaji wa neutrofili (aina ya seli nyeupe ya damu). Kwa hiyo hatua ya 3 ni ndefu.

1. Paka rangi. Mimi hutumia rangi ya May-Grünwald-Giemsa na bafa (maji yanayodhibiti uasidi) ya pH 6.8. Ile ya 7.2 iachie slaidi za malaria. Huongeza ubuluu, rangi ya waridi hufifia, na seli iliyokomaa utaiona changa.

2. Tafuta mieloblasti, seli changa kabisa ya mstari huu: kiini kikubwa, kromatini (nyuzi za DNA kiinini) laini, nukleoli (vidoa vya mviringo ndani ya kiini) zinazoonekana, saitoplazimu (ute unaozunguka kiini) kidogo ya buluu. Kwa mtu mzima mwenye afya hazifiki asilimia 5 ya seli za uboho.

3. Sasa promielosaiti. Usitegemee seli ipungue kila inapokua. Hii huwa kubwa kuliko mieloblasti iliyoizaa. Imejaa punje za zambarau, nyingine zimelala juu ya kiini. Ikivuka hatua hii, seli haitengenezi tena punje hizo. Hugawanyika tu, na zilizopo hugawiwa seli zinazozaliwa, hivyo mielosaiti changa bado inaweza kuwa nazo nyingi. Ndiyo maana sikubali mtu aamue kwa wingi wa zambarau. Chezesha fokasi ndogo taratibu, utazame ubavuni mwa kiini, kwenye eneo lililopauka la Golgi, sehemu ya seli inayofungasha punje. Ukiona waridi hafifu kama vumbi, punje za pili, zile za neutrofili yenyewe, zimeanza: andika mielosaiti, hata kama zambarau imebaki.

Soma fomu ya wodi pia. Mgonjwa anayechomwa filgrastimu, dawa ya kuchochea uboho utoe neutrofili, anaweza kuwa na promielosaiti nyingi zenye punje nzito, bila saratani yoyote. Lakini ukikuta vijiti vya Auer (vijiti vyembamba vyekundu vya seli za leukemia) vimerundikana ndani ya seli moja, acha kuhesabu, mpigie daktari simu. Leukemia ya promielosaiti, saratani ya damu ya seli hizi, huvuruga kuganda kwa damu, na mgonjwa anaweza kufa kwa kuvuja damu kabla ripoti yako haijachapwa.

4. Kuanzia hapa fuata kiini. Kimebonyea chini ya nusu ya upana wake: metamielosaiti, hatua inayofuata mielosaiti, nayo haigawanyiki tena. Kimepita nusu: bendi, neutrofili ambayo haijakomaa kabisa. Kimekuwa vipande vilivyoungwa kwa uzi mwembamba: neutrofili iliyokomaa.

5. Hesabu seli 500, karibu na vipande vya uboho. Mkiani mwa slaidi seli nyingi zimepasuka.