Kuingia bweni la watafiti Marekani ukiwa mwaka wa kwanza

Vyuo kadhaa vya Marekani huwaweka pamoja, kwenye bweni moja, wanafunzi wapya wanaopenda utafiti. Wanasoma somo moja au mawili kwa pamoja, na kila mmoja ana mradi chini ya profesa. Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor, kilianzisha programu yake ya utafiti, UROP, mwishoni mwa miaka ya 1980, na jumuiya ya bweni ikajengwa juu yake.

Kupata udahili hakukuingizi bwenini. Kwa kawaida kuna ombi la jumuiya lenye insha, kisha mkataba wa malazi, na huu wa pili ndio wengi husahau. Angalia pia saa. Wakati wa kiangazi cha huko, dirisha la maombi likifungwa saa 5:59 usiku Ann Arbor, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata. Majira ya baridi ongeza saa moja.

Kwenye insha, "tangu utotoni naipenda sayansi" haimsaidii msomaji kukupima. Andika swali: kwa nini maji ya kisima cha mtaani huzidi chumvi kiangazi, ulijaribu nini kulijibu, ulikwama wapi. Pale ulipokwama ndipo pana uzito.

Kumpata msimamizi ndiyo kazi yenyewe. Tuma barua pepe ya maneno kama 150: sentensi moja kuhusu makala yake uliyoisoma kweli, unachoweza kufanya (Excel, takwimu, Kiswahili kwa mahojiano), na saa ulizo nazo. Waandikie watano au sita, kila mmoja barua yake. Ukinakili, ipo siku utaacha jina la profesa mwingine, na hapo umeshapoteza nafasi. Kimya cha wiki moja, kumbusha mara moja tu.

Kabla ya usaili uliza: nafasi hii ni kwa krediti (zinazohesabiwa kuelekea shahada) au kwa malipo? Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, haruhusiwi kuzidi saa 20 za kazi kwa wiki ndani ya chuo wakati wa muhula, na hastahili ajira za wanafunzi zinazolipiwa na msaada wa serikali kuu (Federal Work-Study), kwa hiyo baadhi ya nafasi za malipo si zako. Malipo pia yanahitaji namba ya Social Security (namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani), na huipati bila barua ya mwajiri.

Tenga saa 6 hadi 10 kwa wiki, katika vipande visivyopungua saa tatu. Kuandaa vifaa na kuosha vyombo hula saa nzima, hivyo nafasi ya dakika 50 kati ya vipindi viwili haifai kitu maabara.

Mafunzo ya usalama, na ya maadili kama mradi unahusu watu, yamalize kabla ya kugusa data. Daftari la maabara liandikwe kwa peni, tarehe kila ukurasa, kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke. Karatasi haichanwi.

Rasimu za barua zako mpelekee mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeishi humo bwenini. Anajua profesa gani hajibu barua.

Mwisho wa mwaka kuna bango la kuonyesha utafiti wako, mara nyingi inchi 48 kwa 36. Maandishi yasishuke chini ya pointi 24. Lipeleke kuchapwa siku tano kabla, kwa faili ya PDF, maana wiki ya maonyesho foleni ya printa huwa ndefu.