Kupanda miti kando ya mto na kikundi cha vijana: vile sisi hufanya huku Nyando

Wiki jana vijana kutoka Nyakach walikuja tukakaa nao hapa Ahero, kaunti ya Kisumu, wanataka kupanda miti kando ya Mto Sondu Miriu, nguvu wako nayo na majembe wako nayo, nikaona wacha niandike hii stori yote mara moja. Sisi tumeishi na Mto Nyando tangu utotoni, ukifura tunahama, ukishuka unapata ukingo umebomoka na udongo wa shamba la mtu umeenda ziwani. Miti haiwezi kuzuia mafuriko kama yale ya 2024, lakini mizizi inashika ukingo, na hiyo ni kazi tunaiweza.

Hatua 1: Cheti cha kusajili kikundi. Mkiwa watu kumi kwenda juu, andikeni katiba na kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi, bebeni kopi za vitambulisho, endeni ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya sabkaunti. Zingine watawaambia hapo.

Hatua 2: Tembeeni ukingo. Kamba ya mita 30, fundo kila mita tano. Ukanda wa mto, yaani ile sehemu ya ukingo inayolindwa, kisheria ni kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto. Programu za simu za kupima nimezijaribu, zinaruka mita kadhaa, mimi nashikilia kamba.

Hatua 3: Mwenye shamba. Hapa ndipo tulipoteza msimu mzima. Tulikuwa tumepanda vizuri, mvua iko, halafu asubuhi moja tunapata mstari wote kwa boma tatu umeng'olewa. Si mbuzi. Miche ilikuwa imelazwa kando ya njia, imepangwa, mizizi bado iko na udongo wake, yaani mtu aliing'oa polepole na hakutaka ife. Tulikasirika sana, wengine wakasema twende kwa chifu. Jioni mzee mmoja akatuita akauliza kitu kimoja tu: "Hii miti ikikua itakuwa ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Huku kwetu kupanda mti ni kuweka alama kwa ardhi, kila mtu anajua kesi ya mpaka iliyoanza na mti, sasa fikiria umeamka unapata watoto wa watu wamepanda miti mstari mnyoofu ndani ya shamba lako. Mimi pia ningeng'oa.

Kwa hivyo kabla ya kuchimba hata shimo moja, endeni boma kwa boma, jioni watu wakiwa wametoka shamba, na mtangulie na kijana wa hapo hapo nyumbani ndio aseme, "Jaduong' (mzee), hawa ni wenzangu." Msianzie kwa baraza, kwa baraza watu wanakubali kwa heshima tu. Msiende na ile sheria ya mita 30 mkiipeperusha, mzee atasikia mmekuja kumnyang'anya. Mama wa boma lazima awe kwa hayo mazungumzo kwa sababu sukuma wiki ya kando ya mto ni yake na njia ya kuteka maji anaitumia yeye, tuliwahi kuziba njia yake na miche, akaikata, na alikuwa na haki. Ng'ombe pia waachieni njia yao ya kunywa maji. Na ulizeni shamba liko kwa jina la nani, mara nyingi utapata bado ni la babu aliyekufa na kuna ndugu watatu, mmoja yuko Nairobi, huyo apigiwe simu muweke spika asikie na akubali mbele ya wenzake.

Halafu muandike. Karatasi moja, Kijaluo ama Kiswahili: mti ni wa mwenye shamba, matawi na matunda ni yake, kikundi kitatunza miaka miwili, hakuna kukata shina bila kuambiana, na kikundi hakidai ardhi. Hiyo ya mwisho isomeni kwa sauti. Mzee aweke sahihi, mtoto wake mmoja, mzee wa kijiji, kopi iende kwa chifu.

Hatua 4: Miche. Kitalu kianze Oktoba ama Novemba. Mbegu ya mti wa Sesbania ina ganda gumu: chemsheni maji, toeni motoni kwanza, ndio mtie mbegu zilale humo mpaka asubuhi. Mti wa siala (Markhamia) msiufanyie hivo, mbegu yake ni nyepesi kama karatasi, maji moto yataiua, ipandeni ikiwa mbichi kwa sababu haikai. Mkuyu, yaani ng'owo, chukueni tawi nene mchomeke. KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, wako na kituo Maseno, ulizeni mbegu hapo. Mkaratusi kando ya maji hapana, hata mkipewa bure.

Hatua 5: Mvua ya Machi ikishika, pandeni.

Hatua 6: Daftari. Kila mche na boma lake, na ukikufa andikeni sababu: mbuzi, mchwa, maji. Kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi ndiyo hupendekeza miradi ya pesa za FLLoCA, yaani mpango wa kufadhili kazi za tabianchi mashinani, zinazopitia kaunti, na sisi tulipoenda kwao tulibeba hilo daftari na zile karatasi za sahihi. Yule mzee alikuja nasi, akaongea kabla yetu. Siala zake sasa zimenipita urefu.