Namna ya Kuwapima Wachezaji wa Kikapu Baada ya Mechi ya Kujipima Nguvu

Msimu unapokaribia, timu za kikapu za hapa Tanga hucheza mechi za kujipima nguvu, na jioni hiyo hiyo hukumu huanza kutolewa vibarazani Ngamiani na Chumbageni na kwenye makundi ya WhatsApp: huyu amekwisha, yule hafai, huyu mpya ndiye atakayetubeba mwaka huu. Maneno hayo humfikia mchezaji kabla hajafua jezi yake, kwa kuwa mji wetu si mkubwa na mtu anayemsema mchezaji mara nyingi anafahamiana na kaka yake au mama yake. Shabiki mwenye sauti kiasi hicho anapaswa kujua anachokisema. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutazama mechi ya maandalizi na namna ya kuandika maoni yatakayokuwa na maana hata ligi itakapoanza, na msingi wake ni mmoja: katika mechi ya namna hii tunachunguza mazoea ya mchezaji, wala hatuhesabu pointi zake.

Kwanza fahamu kwamba kocha hakuja uwanjani kutafuta kile ambacho wewe umekuja kukitafuta. Shabiki anataka ushindi, ilhali kocha anataka majibu ya maswali yake. Ana wachezaji 12 wa kuwaangalia, pengine zaidi, na anaweza kumweka nje mfungaji wake bora robo nzima ili aone nani mwingine ataubeba mzigo, au akaamuru timu ikae kwenye ulinzi wa zoni, ambapo kila mlinzi hulinda eneo badala ya mtu, hata pale inapofungwa kwa kuwa ndiyo kwanza inajifunza zoni hiyo. Matokeo yanayotoka humo hayasemi mengi. Mwezi Oktoba 2012 Los Angeles Lakers, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walipoteza mechi zote 8 za maandalizi, kisha katika msimu wenyewe wakashinda mechi 45 kati ya 82 na kuingia kwenye mtoano. Kwa mchezaji mmoja mmoja hali ni hiyo hiyo. Jeremy Lin aliachwa na Houston Rockets mwezi Desemba 2011, wakati wa maandalizi, baada ya kupewa dakika chache mno, na Februari 2012, akiwa na New York Knicks, aliwafunga Lakers pointi 38 katika usiku mmoja. Waliomwacha walikuwa watu wanaolipwa kwa kazi ya kupima wachezaji, kwa hiyo sisi tuliokaa pembeni mwa uwanja tuna sababu zaidi ya kwenda taratibu.

Kabla ya mechi kuanza, uliza mambo matatu: nani ametoka kwenye majeraha, nani anajaribiwa katika nafasi asiyoizoea, na wageni wamefika lini. Hili la mwisho hupuuzwa sana. Timu iliyotoka Dar es Salaam asubuhi imekaa kwenye basi takriban kilomita 350, kupitia Chalinze na Segera, na ikiingia uwanjani saa kumi alasiri miguu yake haijafunguka. Mlinzi wetu akionekana mwepesi kuliko wao katika robo ya kwanza, andika wepesi huo kwa penseli. Kisha chagua wachezaji wawili tu, au watatu ukiwa na uzoefu, uwafuate mechi nzima. Anayejaribu kuwatazama wote kumi huishia kuutazama mpira, na mpira humwonyesha mfungaji peke yake. Kaa usawa wa mstari wa kati, juu kidogo ikiwezekana, mahali unapoona vikapu vyote viwili. Chini ya kikapu kuna raha, lakini nusu ya mchezo utaikosa.

Sasa tuje kwenye kiini cha kazi. Mechi inayofuata kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ina robo nne za dakika 10, yaani dakika 40. Wachezaji 10 walio uwanjani wakigawana mpira sawasawa, kila mmoja atakaa nao dakika 4 tu, na zile 36 zilizobaki atacheza bila mpira. Mchezaji hupimwa katika dakika hizo 36. Mtazame anapolinda upande ambao mpira haupo. Je, amesimama akimkumbatia mtu wake kwa macho na kuusahau mpira, au amejigeuza nusu, mkono mmoja ukimwelekea mtu wake na mwingine ukiuelekea mpira, akiwaona wote wawili bila kuzungusha kichwa? Mpira unapohamishwa kwa pasi, je, anaanza kusogea wakati pasi ingali hewani, au anangoja ifike ndipo ashituke? Tofauti kati ya wawili hao ni hatua mbili za miguu, na hatua hizo mbili ndizo zinazoamua kama mrushaji atarusha akiwa huru au akiwa na mkono usoni.

Chukua shambulizi moja na ulifuate mpaka mwisho. Mpinzani anadunda mpira kulia, senta wao, yaani mrefu wao wa chini ya kikapu, anakuja kuweka skrini, yaani kusimama amzibie njia mlinzi wetu. Msikilize senta wetu: je, amemwonya mwenzake kwa sauti kabla skrini haijamfikia? Uwanja wetu wa wazi hauna kelele za kuzuia jambo hilo kusikika, na mlinzi asiyeambiwa hugongana na skrini kifua kwa kifua, akapoteza njia. Sasa mdundaji amepita. Mlinzi wa kona anapaswa kuingia ndani kuziba, kisha kurudi kwa mrushaji wake pasi itakapotolewa. Angalia namna anavyorudi. Asiyejua hukimbia kwa kasi moja mpaka mwisho na kuruka, mrushaji akamdanganya kwa kichwa na kumpita. Anayejua hukimbia hatua za kwanza, kisha hufupisha hatua, hushusha kiuno na kuinua mkono mmoja, tayari kwa mtupo na tayari kwa mdundo. Tendo hilo halina safu kwenye karatasi ya takwimu, na hakuna atakayelipigia makofi, lakini mchezaji anayelifanya mwezi wa maandalizi, wakati mechi haina pointi za ligi, atalifanya pia fainali. Ukiliona mara nne au tano kwa mchezaji yule yule, umepata jambo la kuandika.

Robo ya tatu itumie kutazama miguu. Robo ya kwanza kila mtu anakimbia. Baada ya mapumziko, juu ya saruji iliyopigwa na jua tangu asubuhi, ndipo pumzi inapojulikana. Hesabu ni mara ngapi mchezaji wako anavuka mstari wa kati akirudi kulinda kabla ya mtu wake, na mara ngapi anabaki nyuma akimlalamikia refa. Tofautisha kuchoka na kuzembea: aliyechoka hushika magoti mpira ukiwa umesimama, lakini ukianza kutembea anajikokota na kwenda, ilhali mzembe huchagua safari za kukimbia, akawa wa kwanza kwenye shambulizi la haraka na wa mwisho kwenye ulinzi. Kuchoka mwezi mmoja kabla ya msimu ni jambo la kawaida linalotibiwa na mazoezi.

Kuhusu warefu, ninaomba uangalifu wa pekee. Sisi Watanzania tunalo jina la kujivunia, Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, mwenye urefu wa takriban mita 2.21, aliyechaguliwa wa pili, na Memphis Grizzlies, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009 baada ya kujenga sifa yake Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mitupo. Tangu hapo kila kijana mrefu anayetokea uwanjani hupewa mzigo wa jina hilo kabla hajafunga kamba za viatu. Usimpime kijana kwa matumaini yako. Mpime kwa mitupo aliyoibadilisha: mara ngapi mpinzani amefika chini ya kikapu, akamwona, akageuza nia na kutoa pasi au kurusha kwa kuupindisha mpira. Hiyo ni kazi ya ulinzi iliyokamilika, hata kama hakugusa mpira. Kisha tazama kama mpira ukirushwa anampa mpinzani mgongo na kumzuia kwanza, au anauangalia mpira angani akitegemea urefu utampa rebaundi, yaani mpira uliokosa kikapu. Dhidi ya timu dhaifu urefu utamtosha. Dhidi ya senta mwenye nguvu hautamtosha, na ni vyema aambiwe mapema.

Mitupo ndiyo inayotupoteza wengi, na hapa hesabu inasaidia. Mchezaji ambaye kwa kawaida hufunga 30 kati ya mitupo 100 ya pointi tatu, akirusha mara 5 katika mechi moja, ana uwezekano wa takriban 16 kwa 100 wa kufunga 3 au zaidi kwa bahati tu, yaani karibu mechi moja katika kila sita. Na mrushaji mzuri wa 40 kwa 100, akirusha mara 5, atafunga mmoja au asifunge kabisa katika takriban mechi moja kati ya tatu. Kwa hiyo mashujaa na wahanga wa mechi moja wanaweza kuwa wametokana na bahati peke yake. Ongeza na upepo wetu: kwenye uwanja wa wazi ulio karibu na bahari, kusi au kaskazi huusogeza mpira uliorushwa kutoka mita 6.75, na anayerusha kikapu cha upande mmoja hapati mchezo ule ule anaoupata wa upande wa pili. Badala ya kuhesabu iliyoingia, andika mtupo ulivyotokea. Miguu yake ilikuwa imekaa sawa kabla ya kupokea pasi? Alikuwa huru? Kulikuwa na mwenzake aliye mahali bora zaidi? Je, alirusha sekunde ya 5 wakati timu ilikuwa na sekunde 24 za kutafuta nafasi nzuri? Mtupo mzuri uliokosa ni habari njema, na mtupo mbaya ulioingia ni onyo. Mtupo huru, ule unaotolewa baada ya faulo, ni tofauti kidogo, kwani hauna mlinzi: tazama kama mwendo wake ni ule ule kila mara.

Jambo jingine la kuliangalia kwa haraka ni sekunde chache baada ya kosa. Amepoteza mpira, je, ameanza kukimbia kurudi, au amefungua mikono kumlaumu aliyempa pasi? Halafu lipitie benchi kwa macho mara mojamoja, uone nani anamsikiliza kocha wakati wa mapumziko mafupi.

Wapo wanaofanya kazi hii kwa timu za Marekani, wakikesha na simu mwezi Oktoba, maana mechi inayoanza saa moja jioni New York hutufikia Tanga saa nane usiku. Kanuni za kutazama ni hizo hizo, ila vipimo ni vingine. NBA hucheza robo za dakika 12, hivyo mechi ni dakika 48, mchezaji hutolewa kwa faulo ya 6 na si ya 5, na mstari wa pointi tatu uko mita 7.24 kwa mbele. Usimlinganishe kijana wetu na mtu wa huko kwa pointi za mechi. Ukitaka kulinganisha chochote, gawanya kwa dakika. Kumbuka pia kwamba kamera huufuata mpira, kwa hiyo zile dakika 36 nilizozisema hutaziona vizuri. Toa maoni machache zaidi kwa mechi uliyoiona kwenye simu.

Sasa uandike. Usiandike usiku ule ule; lala, amka, soma karatasi yako, na yale ambayo hukumbuki uliyaonaje yaache. Kwa kila mchezaji toa sentensi tatu au nne: ulichokiona, kilitokea mara ngapi na katika hali gani, kisha unachotaka kukitazama mechi ijayo. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani, na unapodhani useme kwamba unadhani. Kwa mfano, badala ya kuandika kwamba mlinzi fulani hajui kulinda, andika hivi: “Katika robo ya pili na ya tatu kaka yetu alipitwa upande wa kushoto mara nne, na mara tatu kati ya hizo hakuna aliyemwonya kuhusu skrini. Miguu yake ilikuwa wima mno wakati wa kumkabili mdundaji. Nadhani tatizo ni la mawasiliano zaidi kuliko kasi. Mechi ijayo nitawatazama yeye na senta kwa pamoja.” Maneno hayo yakimfikia, ana kitu cha kwenda nacho mazoezini, na senta naye amepata sehemu yake bila kutukanwa.

Mambo ya nyumbani kwa mtu, unene wake, kazi yake na viatu vyake vilivyochakaa hayahusiki. Kwa chipukizi aliyecheza dakika zisizofika 5, taja jambo moja tu alilolifanya vizuri au andika kwamba bado hajaonekana vya kutosha, na uishie hapo. Mchezaji mkongwe naye astahiwe. Ukiona kasi imepungua, tazama kama amejifunza kuwahi mahali kwa akili, kwa sababu wengi hufanya hivyo na mashabiki huchelewa kulitambua.

Ihifadhi karatasi, uende nayo mechi ya pili. Lililojirudia katika mechi zote mbili, dhidi ya wapinzani tofauti, lipigie mstari, kwani hilo linaelekea kuwa zoea. Lililotokea mara moja liache lilivyo. Baada ya mechi ya tatu, ikiwa maoni yako kuhusu mchezaji fulani bado yanapingana na dakika anazopewa, msubiri kocha amalize kukusanya mipira, msalimie, umwulize anamtaka mchezaji huyo afanye nini uwanjani, kisha urudi kuyasoma uliyoyaandika ukiwa na jibu lake mkononi.