Unatafuta ukoo wa Wales? Anza na mwenye ardhi

Jamani kama kuna mtu anafatilia ukoo wa watu wa Wales, usikimbilie jina la mpangaji wa shamba, maana kina John Jones wamejaa kila kijiji utachanganyikiwa bure. Tafuta kwanza shamba lilikuwa la nani. Ingia kwenye ramani za zaka (yaani fungu la kumi la kanisa) za Maktaba ya Taifa ya Wales, zile zilizochorwa baada ya sheria ya 1836 iliyogeuza zaka kuwa malipo ya pesa, ziko mtandaoni bure, zinaonyesha mmiliki na aliyekuwa analikalia shamba. Ukishampata mwenye ardhi ndo unaenda kwenye makaratasi ya familia yake, mfano ya Wynnstay na Penrhyn, hayo ni majina ya milki kubwa za ardhi: ya Wynnstay yako hapo hapo Maktaba ya Taifa, mji wa Aberystwyth, ya Penrhyn mengi yako Chuo Kikuu cha Bangor. Humo tafuta mikataba ya kukodi shamba kwa maisha ya watu watatu, hii ni dhahabu kabisa, mkataba ulikuwa unaendelea mpaka afe wa mwisho kati ya watatu waliotajwa, kwa hiyo mpangaji alikuwa anaandikisha na watoto wake wadogo, saa nyingine na umri wao. Cheki na daftari za kodi ambayo wapangaji walimlipa mwenye ardhi, jina la mpangaji likibadilika kuwa la mjane basi angalia kumbukumbu za mazishi za miaka hiyo hiyo, huenda mume alifariki.