Mtu akizama shimoni usimfuate: la kufanya kabla wazimamoto hawajafika

Wakazi wengi wa Nairobi humkumbuka mzimamoto wakiona moshi. Ilhali kikosi hichohicho hufunzwa kumtoa mtu kwenye shimo la choo, chini ya ghorofa lililoporomoka, ndani ya gari lililopondeka au katikati ya mto uliofurika. Piga 999 au 112 kwa lolote kati ya hayo. Sema kilichotokea, watu wangapi, kisha utaje alama inayoonekana barabarani: steji, msikiti, shule. "Nyuma ya soko" haitoshi. Mtume mtu akawapokee barabarani, na geti lifunguliwe mapema. Gari lao lina upana wa karibu mita 2.5, gari moja tu lililoegeshwa vibaya kichochoroni hulizuia.

Shimo la choo na tangi la maji taka ndiyo yenye mtego mbaya kuliko yote. Wa kwanza anazirai, wa pili anashuka kumwokoa naye anazirai, wa tatu vilevile. Kinachowaangusha ni hewa. Uchafu ukioza hutoa haidrojeni salfaidi, gesi nzito inayotuama chini. Mwanzoni hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, kwa hiyo harufu ikipotea usidhani shimo limekuwa salama. Kuna methani pia, nayo hulipuka. Ile tabia ya kuteremsha mshumaa ili kupima hewa ikomeshwe kabisa. Leso iliyoloweshwa maji puani haizuii chochote.

Mzimamoto mwenyewe hashuki hivihivi. Kipimo cha gesi hutangulia kwa kamba, kikisoma juu, katikati na chini, maana gesi hujipanga kwa uzito. Huvaa barakoa na mtungi wa hewa mgongoni, akafungwa kamba inayopita kwenye kapi juu ya vyuma vya miguu mitatu, wenzake wakiwa tayari kumvuta.

Nyinyi wa juu, kama aliye ndani ana fahamu, mteremshieni kamba nene yenye kitanzi kisichokaza, aipitishe chini ya makwapa. Wekeni mbao mdomoni mwa shimo kwanza, kwani zege la hapo huenda likakatika, kisha avutwe na watu watatu au zaidi. Akiwa amezirai, kazi yenu ni moja: kuwazuia ndugu zake wasiruke. Hilo ni gumu kuliko kuvuta kamba. Akitolewa hapumui, mpelekeni penye hewa safi, mbonyeze katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msimpulizie mdomoni, gesi iliyo ndani yake huweza kumdhuru anayempulizia.

Jengo likiporomoka, zimeni injini na jenereta, kila mtu anyamaze kwa vipindi ili sauti za waliofukiwa zisikike. Baada ya ghorofa la Huruma kuanguka tarehe 29 Aprili 2016, manusura waliendelea kutolewa siku kadhaa baadaye, kwa hiyo msiharakishe kuita tingatinga: likisukuma kifusi huziba mianya wanamopumulia. Anayelisimamia jengo aandike nani alikuwa chumba kipi, ghorofa gani. Karatasi hiyo huwaokolea wazimamoto muda mwingi.

Kwa mafuriko, maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 huweza kulielesha gari dogo. Mrushie aliyezingirwa mtungi wa plastiki wa lita 20, mtupu na uliofungwa kifuniko, ukiwa na kamba. Usijifunge kamba hiyo kiunoni. Maji yakikubeba, kamba iliyokaza itakuzamisha.

Gesi ya kupikia ikivuja, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzimia taa. Simu ipigwe ukiwa nje. Na lifti ikikwama, msibandue milango kwa chuma: lifti ikisogea mtu akiwa nusu nje, itamkata.