Kebo ya betri na stata kwenye ndege ya kujiundia, ifunge hivi

Mnaojiundia ndege nyumbani, iwe RV (ndege za kampuni ya Van's) ya vipande au ya mbao ya kuchonga mwenyewe, naomba tuongelee kebo nene ya betri maana wengi wanakomaa na skrini na redio alafu hii wanaifunga kama ya gari. Kebo inayotoka betri kwenda stata kwa kawaida haina fyuzi, stata ya injini kubwa inaweza kuvuta ampea 200 na zaidi ikianza kuzungusha. Sasa ikichubuka ikagusa bodi ya aluminiamu hakuna cha kuikata, betri inamwaga umeme wote hapo hapo mpaka waya unakuwa mwekundu, na angani hakuna pa kusimama ukafungua boneti. Kinga yako ni kontakta ya betri (swichi nzito inayovutwa na koili ya umeme, wewe unaiwasha kwa masta swichi) na njia uliyoipitishia hio kebo, basi.

Kontakta ikae jirani kabisa na betri, ili ukizima masta swichi kipande cha kebo kinachobaki na umeme kiwe kifupi sana. Angalia aina yake. Ya betri ni ile ya kukaa imewashwa muda wote, ya stata ni ya sekunde chache tu, kwa macho zinafanana mno na ukifunga ya stata sehemu ya betri koili itachemka mpaka iungue ukiwa safarini. Masta swichi yenyewe ikae upande wa ethi (hasi) wa koili, hapo hata waya wake mwembamba ukichubuka ukagusa bodi hakuna shoti, kontakta inabaki imewaka tu. Weka na dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye koili ya kila kontakta, 1N4001 inatosha, ule mstari wake uelekee chanya, la sivyo kila ukizima koili inarudisha spaki inayokula swichi.

Unene ndo penye hesabu. RV-10 betri yake iko nyuma ya mizigo na stata iko mbele, tuseme kebo ni mita 4. Kwa ampea 200, waya namba 4 AWG (kipimo cha Marekani cha unene, namba ikiwa ndogo waya ni mnene) unapoteza kama volti 0.65 na namba 2, ambao ni mnene zaidi, kama volti 0.4. Bodi ya aluminiamu inakurudishia umeme, ila ndege ya mbao au faiba lazima uvute kebo ya kurudi kwa hio hasara inakuwa mara mbili, volti 1.3 kwa namba 4, na betri yenyewe inashuka ikibebeshwa mzigo! Mimi betri ikiwa nyuma sifikirii mara mbili, ni namba 2, uzito wake ubebe tu. Na uwe waya wa ndege wenye ganda la Tefzel (plastiki inayohimili joto), PVC ikiungua moshi wake ni sumu na mko ndani ya kibini ndogo.

Injini imekaa juu ya mipira, kwa hio bila ethi nene ya kusuka toka injini mpaka kwenye bodi umeme wa stata utatafuta njia kwenye kebo za throto na mikscha (ya kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa), zichemke zikwame. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae ndo ukaze.

Kila tundu liwe na kipete cha mpira, kebo ishikwe na klampu zenye mpira sio tai za plastiki, na ikikutana na bomba la mafuta kebo ipite juu, mbali nalo, ili likivuja lisidondoshee waya. Chanya zote zifunike. Hasi ya betri unaifunga mwisho na kuifungua kwanza.

Kontakta ya stata inaweza kung'ang'ania hata ukiachia kitufe, so vuta waya mdogo wenye fyuzi toka upande wa stata uwashe taa kwenye dashibodi, ikibaki inawaka zima masta hapo hapo.

Kupima: toa plagi, magneto (zinazotoa cheche za injini) zima, mafuta funga, mtu asiwe karibu na propela. Waya mmoja wa mita ya volti uguse hasi ya betri, wa pili uguse bodi ya injini, mwenzio apige stata. Kwenye ndege ya aluminiamu ikizidi nusu volti kuna kiungo kibaya, hamisha mita kiungo kwa kiungo mpaka ukipate, mara nyingi ni lagi (kichwa cha kebo chenye tundu la bolti) haikubanwa vizuri au rangi imebaki chini ya washa ya bolti.